Oili Chafu ya Mama Mkwe

Kuna watu pale Mbinga mjini wakiniona huninyanyulia viganja vyao viwili, hivi, bila kusema neno, halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi hujifanya sijaona, naangalia viatu vyangu. Leo nasimulia mwenyewe, maana mkasa huu umeshasimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi, na kila anayeusimulia anatia chumvi yake (yupo anayesema nilizimia, sikuzimia jamani, nililia tu). Aibu ni yangu, basi na simulizi iwe yangu.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wakamiminika Mbinga, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Mimi niliajiriwa kutunza stoo ya tajiri mmoja ambaye, kuwazidi wenzake, alikuwa na kindege cha injini moja na viti vinne, kinalala kwenye banda la mabati pembeni ya kiwanja cha nyasi. Rubani aliitwa Kapteni Elisante, mtu wa Kilimanjaro, mpole, hana makuu, ila kwa ile ndege alikuwa mkali kuliko mama mwenye mtoto mchanga.

Sasa, mnajua kwetu oili chafu ni mali. Mtu hasimamishi nguzo ya nyumba bila kuipaka oili chafu, maana mchwa wa kwetu hawana adabu, wanaanza kula nyumba kabla mwenyewe hajahamia. Mwenye lori anaamkiwa hadi na watu waliomzidi umri kwa ajili ya oili yake chafu. Basi nami nilipoona Kapteni anaimwaga oili ya ndege ikiwa bado ingeweza, kwa macho yangu, kusukuma lori mpaka Songea na kurudi, nikaona Mungu amenikumbuka.

Nikamwuliza siku moja, "Kapteni, hii oili unaibadilisha kila baada ya muda gani?"

"Saa hamsini za kuruka," akasema, "au miezi minne. Kitakachotangulia."

"Hata kama ndege imekaa tu bandani?"

"Hasa ikikaa. Injini isiyofanya kazi inaingia unyevu, unyevu unachanganyika na oili, chuma kinaliwa kimyakimya huku wewe unaona oili bado nzuri. Oili haipimwi kwa rangi, Kasiani."

Nikacheka, nikamwambia sisi huku kwenye malori tunaongezea tu, tunakwenda mpaka iwe uji. Kapteni hakucheka. Akaniambia, "Lori likizimika linasimama kando ya barabara. Hii ikizimika, kando ya barabara ni wapi?"

Neno lile lilinikaa kichwani. Sikuwahi kupanda ndege, na nilikuwa nimeomba moyoni nisije nikaipanda. Mimi naogopa hata ngazi. Kwa kuvuna parachichi nilikuwa natumia mti mrefu wenye ndoano huku miguu iko chini, na hilo nalisema wazi ili muelewe yanayofuata.

Basi, nilikuwa nimeposa. Binti anaitwa Edita, mwalimu wa shule ya msingi, Mnyasa wa kule chini ziwani. Mama yake, mjane, mwanamke mrefu wa maneno machache, alipanda mpaka kwetu Matiri kuangalia binti yake anaolewa wapi. Akaona mashimo yetu ya ngoro tunayolimia kwenye miteremko, akaona mikahawa, akala, akashukuru, hakusema ndiyo wala hapana. Akasema tu kwamba neno lake atalitoa kwao, ukoo ukiwa umeketi, Jumamosi, nami niwepo. Jumamosi hiyo ndiyo ningejua kama nina mke au sina.

Halafu mvua ya mwisho wa masika ikashuka kwa hasira, barabara ya kuteremkia Mbamba Bay ikakatika kule kwenye kona za mlimani, malori yakakwama na magunia yake. Mama mkwe akawa amekaa Mbinga kwa ndugu yake, anahesabu siku. Hapo ndipo mdomo wangu, huu huu mnaouona, ukamwambia kwa mbali, macho nimeyainamisha kama inavyotakiwa, "Mama, usihangaike. Nitakupeleka kwa ndege."

Akauliza, "Ndege yako?"

Ningesema ya tajiri, mambo yangeishia pale. Nikasema, "Oili yake naisimamia mimi."

Tajiri hakuwa na neno, maana ndege ilikuwa inashuka ziwani kumpeleka Sista mmoja wa zahanati na dawa zake, na viti viwili vilikuwa wazi. Aliyekuwa na neno ni Kapteni. Akasema ndege hairuki. Masika yote ilikuwa imeruka mara chache kwa sababu ya ukungu, hata robo ya zile saa hamsini haijafika, lakini miezi minne imetimia, oili ni lazima ibadilishwe kwanza. Nikamwambia, Kapteni, ni mwendo mfupi tu, tunavuka mlima tunashuka. Akanijibu, "Mlima huohuo ndio sitaki kuuvuka kwa injini yenye oili iliyopitwa na muda." Basi Ijumaa akaibadilisha, mimi nikimsaidia kushika karai.

Na haraka haraka hakufanya. Aliwasha injini kwanza ipate moto, ndipo akaimwaga oili ikiwa laini. Akatoa filta, akaikata, akakunjua karatasi zake juani akizichunguza kama kuna chenga za chuma (hakukuwa na kitu). Akaweka filta mpya, akatia oili mpya, akawasha tena, akazima, akalala chini ya injini na tochi kutafuta tone. Hakuna tone. Mimi wakati wote huo macho yangu yako kwenye karai, maana mama mkwe alikuwa anajenga nyumba mpya kule kwake, na nguzo, nilisikia kwa Edita, zilikuwa zimelala uani zinasubiri kitu cha kuzipaka.

Mnaona nilikofika? Nilitaka kuingia kwenye kile kikao cha ukoo nimebeba dumu zima la oili ya ndege. Si ya lori, ya ndege! Mchwa gani angethubutu?

Kapteni alinikuta nalijaza dumu. Akasema, "Chukua, ni yako. Ila haipandi ndege. Mafuta ya namna yoyote hayapandi." Nikasema sawa, Kapteni. Nikaenda nyumbani nikalipima kwa macho lile dumu, nikawaza nguzo, nikawaza mama mkwe, nikawaza kwamba Kapteni mwenyewe si mtu wa kwetu, atajuaje mambo ya nguzo. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea zamani, kwa hiyo nikaliziba kama tunavyoziba madumu yetu yote, kipande cha nailoni na gunzi la mahindi, nikaligonga na jiwe likakaza. Nikalitumbukiza katikati ya gunia la maharage niliyokuwa nampelekea mama mkwe. Gunia nikalishona.

Asubuhi Kapteni akaliinua gunia kulipanga nyuma ya viti. "Maharage tu haya?"

"Maharage, Kapteni."

"Mazito."

"Ya Matiri hayo," nikasema.

Sista alishakaa mbele na rozari yake. Kwa hiyo zikabaki nafasi mbili nyuma, na hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka kabla hata injini haijawashwa, kwa sababu mimi na mama mkwe tungekaa bega kwa bega. Nyie mnajua. Mama mkwe unamsalimia ukiwa mbali, huli mbele yake, hukai naye mkeka mmoja, na kumgusa ndiyo usiseme. Kiti chenyewe kilikuwa kidogo. Nilijibana kwenye ukuta wa ndege mpaka nikawa nusu mtu, yeye naye akageukia dirisha lake, amevaa kitenge kipya cha rangi ya njano cha kuingilia kwao, na hivyo ndivyo tulivyopaa, mimi macho nimefumba.

Siwezi kuwadanganya, niliogopa tangu matairi yalipoacha nyasi. Tumbo lilibaki chini, mimi nikaenda juu. Nilipofumbua jicho moja niliona ngoro za watu kwenye miteremko, zimepangwa vizuri, ndogo kabisa, nikamwona na mtu ameshika jembe, nikamwonea wivu kwa roho yote. Ndege ilikuwa inapanda, inapanda, na mlima nao unapanda, na katikati ya mlio ule nasikia neno moja tu la Kapteni likizunguka kichwani: kando ya barabara ni wapi? Nikaangalia chini kutafuta kando ya barabara. Kulikuwa na miamba na msitu.

Tulipokuwa juu kabisa, tunavuka mgongo wa mlima, nikasikia nyuma yangu kitu kimelia *pu!* Kidogo tu. Nikamtazama Kapteni, hakugeuka, injini ilikuwa inapiga kelele. Nikasema moyoni labda ndivyo ndege zinavyofanya.

Halafu ziwa likaonekana, lote kwa mara moja, na Kapteni akainamisha pua ya ndege tuanze kuteremka. Kuteremka kwenyewe ni kama umening'inizwa kwenye mkanda. Nikaangalia chini nisiangalie mbele, na chini, kati ya viatu vyangu, nikaona uzi mweusi unakuja. Ulikuwa unatokea chini ya kiti, unateleza taratibu kuelekea mbele, ukapita kiatu changu cha kushoto, ukapanuka.

Nikainama nikaushika kwa viganja vyote viwili. Nikanusa. Oili.

Jamani, kuna woga na kuna woga. Huu ulinifika kichwani ukafagia kila kitu, akili yote, jina langu, gunia, dumu, gunzi, vyote vikatoka. Nawaapia mbele ya Mungu sikulikumbuka lile dumu. Nilichojua ni kwamba ndege ina injini moja, injini ina oili, na oili iko miguuni kwangu.

"Kapteni!" nikapiga yowe. "Oili inamwagika! Injini inakufa! Kapteni, tunakufa!"

Sista akaacha salamu ya Maria katikati. Kapteni akageuza shingo, akauona ule weusi umefika nyuma ya kiti chake, na nikaona uso wake umebadilika. Hapo ndipo nilipoisha kabisa, maana mpaka wakati ule nilikuwa na matumaini kwamba atanicheka. Akatazama geji, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena.

"Geji inasema oili ipo," akasema kwa sauti ya chini iliyokazwa. "Lakini naiona sakafuni. Kuna mtu amepakia mafuta humu?"

"Hakuna!" nikalia. Mama mkwe naye akatikisa kichwa. Sista akasema dawa zake ni vidonge.

"Basi fungeni mikanda vizuri. Naishusha sasa hivi. Msiongee."

Akazungusha ndege upande wa ziwani ili aje kukikabili kile kiwanja cha nyasi cha ufukweni, na chini yetu hakukuwa na ardhi tena, maji matupu, ya bluu, yametulia, nami sijui kuogelea, nimezaliwa mlimani. Niliomba, mikono yangu ya oili nimeibana kifuani. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo hata sina. Nikasikia harufu ya oili imejaa ndani, kali, ya moto (haikuwa ya moto, ilikuwa baridi kama maji ya mtungi, lakini mimi niliisikia inaungua), na nikaona kiwanja kwa mbali, utepe mdogo, na watu wadogo wamejaa pembeni yake.

Halafu injini ikanyamaza.

Baadaye Kapteni alinieleza kwamba haikunyamaza, aliipunguza tu, kila ndege inapunguzwa ikitua. Angeniambia mapema! Mimi nilisikia kimya, na upepo, na kimya kile kilikuwa cha kaburini, nikajua ndiyo imezimika, ndiyo tunaanguka, na mikono yangu yenyewe, bila kuniuliza, ikaruka ikamkumbatia mama mkwe kiunoni, kichwa nikakizika mapajani mwake, ndani ya kile kitenge cha njano, nikalia, "Mama! Mama, nishike! Mama, usiniache!"

Na yeye, ambaye alikuwa na haki ya kunipiga kofi la kunitupa nje, akaweka mkono wake kichwani kwangu. Akasema kwa Kinyasa maneno ambayo nadhani alimwambia Mungu, si mimi.

Matairi yakagonga nyasi, yakaruka, yakagonga tena, tukakimbia, tukasimama. Nami sikuachia. Kapteni akazima kila kitu, akaruka nje, akaufungua mlango wa kwetu kwa pupa akipiga kelele tutoke, tutoke, tukae mbali. Hapo mbele ya mlango ulikuwa umesimama ukoo mzima. Redio ya misheni ilikuwa imewapa habari kwamba mama anakuja kwa ndege na mkwe, kwa hiyo wanawake walikuwa wamejipanga na kioda, ngoma yao ya ziwani, na mguu wa kwanza wa ngoma ulikuwa umeshaanza, vigelegele vimeshapanda, mlango ukafunguka. Vigelegele vikakatika hewani.

Walichokiona ni mkwe mtarajiwa, shati jeupe limekuwa jeusi, amemkumbatia mama mkwe wake, kichwa mapajani, analia kwa sauti.

Edita alikuwa mstari wa mbele. Sitaki kuusimulia uso wake.

Walinibandua. Nikaanguka kwenye nyasi nikazibusu (kweli, nilizibusu, na kinyesi cha mbuzi kilikuwemo). Kapteni tayari alikuwa amefungua boneti ya ndege, amepandisha mikono ya shati, anapapasa injini kila upande. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakitazama muda mrefu. Akalala chini ya injini. Akasimama.

"Hakuna hata tone lililotoka," akasema. "Oili yote ipo."

Ndipo akazunguka, taratibu, akaenda nyuma ya viti, akaingiza mkono, akavuta gunia. Gunia likaja linachuruzika. Akalipasua mshono, maharage yakamwagika meusi, katikati yake dumu limelala ubavu, shingo wazi. Akaingiza mkono tena akatoa gunzi. Akalinyanyua lile gunzi mbele ya watu wote, akanitazama, na ule upole wake wote ulikuwa umebaki Mbinga.

"Tukiwa juu hewa ni nyepesi," akasema. "Hewa ya ndani ya dumu inafura, inatafuta pa kutokea. Gunzi haliwezi kuizuia. Kasiani, nilitua kwa haraka kwenye kiwanja kifupi chenye watu, kwa ajili ya gunzi?"

Kama angekosea kidogo, wale wanawake walikuwa pale pembeni na vibwebwe vyao. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini, si kicheko.

Maana kicheko kilikuja. Mama mkwe alikuwa amegeuka kumsalimia shemeji yake, na hapo ukoo wote ukaona mgongo wake: kwenye kile kitenge cha njano, juu kidogo ya kiuno, viganja viwili vyeusi, vidole kumi vyote vimetimia, vimechapwa vizuri kama muhuri wa ofisi. Mmoja akaguna, wa pili akaziba mdomo, halafu kiwanja kizima kikaanguka chini. Hata Sista. Edita tu ndiye hakucheka, wala mama yake.

Kikao cha ukoo kilifanyika jioni, mimi nimeazimwa shati la baba mdogo wake Edita, nimekaa karibu na mlango nisimsumbue mtu nikifukuzwa. Wazee walisema yao. Mmoja alisema mkwe anayemkumbatia mama mkwe hajawahi kusikika tangu ziwa liwe ziwa, na kwamba kwa heshima ya marehemu baba wa binti jambo hili liishe hapa. Nikaona Edita anainamisha kichwa, nikajua nimempoteza, na hilo likaniogopesha kuliko yote ya kule juu.

Mama mkwe akamgeukia Kapteni, ambaye alikuwa amekaribishwa ugali na samaki wa mbasa.

"Baba," akamwuliza, "ile oili yenu mnaibadilisha kila baada ya muda gani?"

"Saa hamsini, mama, au miezi minne. Kitakachotangulia."

"Mnamwaga yote?"

"Yote. Na tunachunguza kama imetoka na chenga za chuma."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Basi na huyu nampa miezi minne," akasema. "Akamwage ule uongo wa kusema maharage. Woga wake sina neno nao, hata mimi niliogopa. Miezi minne ikiisha aje, tumchunguze. Na aje kwa barabara."

Miezi minne ile niliimaliza kwa taabu. Kapteni hakuniruhusu tena kushika karai, ila siku oili ilipobadilishwa aliniwekea dumu, na juu yake kifuniko cha kuskrubu, amekikaza mwenyewe. Nikashuka nalo kwa lori mpaka ziwani, nimelipakata mapajani safari nzima. Nikapaka nguzo zote za mama mkwe, moja moja, yeye amekaa kwa mbali kwenye kigoda anaangalia kama kuna niliyoiruka. Nyumba ile ipo, na mchwa hawajaigusa.

Siku ya harusi wanawake waliingia na kioda, yeye akiwa mbele. Alikuwa amevaa kitenge kile kile cha njano. Alikuwa amekifua sana, kilionekana kimefuliwa mara nyingi, lakini oili ya ndege haitoki. Akacheza mpaka mbele yangu, akageuka polepole ili watu wote waone, na viganja vyangu vilikuwa pale pale kiunoni kwake, vinacheza naye.

Tangu siku hiyo sijapanda ndege, na sipandi. Na kwangu hakuna dumu linalozibwa kwa gunzi.